Kutoka Mti wa Anuradhapura hadi Kilele cha Sri Pada: Shajara ya Hija

Jumatatu, Colombo na barabara ya kaskazini

Mbele ya stesheni ya treni ya Fort, Colombo, Sri Lanka, kuna sanamu ya Mmarekani mwenye ndevu ndefu. Ni Henry Steel Olcott, kanali wa zamani wa jeshi la Marekani. Alitua kisiwani mwaka 1880, akapokea miiko mitano ya Wabuddha mbele ya umati mjini Galle, kisha akawasaidia Wabuddha wa hapa kuanzisha shule zao wakati elimu ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Bendera ya Kibuddha, ambayo leo nimeiona kwenye bajaji, madukani na madirishani, ilipandishwa mara ya kwanza mwaka 1885 siku ya Vesak, sikukuu ya kuzaliwa, kuamka na kufariki kwa Buddha. Nimesimama pale kitambo. Mzee huyu ananihusu, maana naye aliyapokea mafundisho haya ukubwani, akitokea mbali.

Mimi ni muuguzi, wodi ya magonjwa ya ndani, Dar es Salaam. Mama yangu ni Mlutheri. Bibi mzaa baba alikuwa Mwislamu wa Tanga. Mlango wangu wa kuingilia ulikuwa hekalu la Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala, kabila kubwa la kisiwa hiki, waliokuja kufanya kazi mjini kwetu mwanzoni mwa karne iliyopita. Uani kuna mti wa bodhi ambao mche wake ulitoka huku Sri Lanka. Nilianza kwenda baada ya kipindi ambacho wodi yetu ilizidiwa na wagonjwa, na vifo vikawa vingi kuliko machozi niliyokuwa nayo. Mtawa alinifundisha kukaa na kuifuata pumzi. Nikaendelea kwenda.

Nieleze kilichonileta. Simu za wenzangu kazini zimejaa programu za kupumua na kutuliza mawazo. Zinasaidia, na mtu aliyetoka zamu ya usiku akipata usingizi kwa njia hiyo, nashukuru. Lakini kinachouzwa mle ni tawi lililokatwa kwenye mti wake. Mpangilio wa zamani una hatua tatu: dana, yaani kutoa, sila, yaani miiko, na bhavana, yaani kuilea akili. Programu huanzia kwenye hatua ya tatu na kuishia hapohapo, kwa sababu hakuna atakayelipia kila mwezi ili aambiwe agawe chakula chake na aache kusema uongo. Nimetaka kuuona mti mzima, shina na mizizi, mahali ambapo watu wameishi nao zaidi ya miaka 2,000.

Basi la Anuradhapura linakwenda kilomita 200 hivi. Juu ya dereva kuna picha ya Buddha iliyozungushiwa taa ndogo zinazowaka na kuzima. Kiti cha mbele kabisa kimetengwa kwa watu wa dini. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekikalia. Mtawa mzee alipopanda Kurunegala, kijana alishainuka kabla mzee hajafika, akasimama saa mbili zilizobaki bila kununa. Nimeandika hili kwa sababu ndicho nilichokuja kukiona: mafundisho yakiwa kwenye miguu ya mtu.

Jumanne, Anuradhapura

Kabla ya kuufikia Jaya Sri Maha Bodhi, mti mtakatifu wa mji huu, unakaguliwa mwili na mkoba. Mwaka 1985 wapiganaji wa Tamil Tigers, waasi wa Kitamil, waliingia mjini hapa, wakaua watu zaidi ya 100, wakiwemo waliokuwa wakiabudu karibu na mti. Askari wa kike aliyenikagua alikuwa mpole, akanionyesha pa kuacha viatu. Baada ya hapo ni mchanga wa moto na miguu mitupu.

Mti wenyewe si mkubwa kama nilivyousikia. Ni wa ukoo mmoja na mikuyu ya kwetu, na matawi yake mazee yameegemezwa kwenye nguzo za rangi ya dhahabu. Mche wake ulitoka Bodh Gaya, India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kwenye mti ambao chini yake Siddhartha Gautama aliamka akawa Buddha. Hakuna mti mwingine duniani uliopandwa na binadamu ambao kumbukumbu za kupandwa kwake zinarudi nyuma kiasi hicho.

Aliyevuka nao bahari alikuwa mwanamke: Sanghamitta, mtawa, binti wa mfalme Ashoka wa India. Alikuja pia kuanzisha utawa wa wanawake, kwa kuwa wanawake wa kisiwani waliuomba. Utawa huo ulidumu zaidi ya miaka 1,000, ukapotea katika vita vya karne ya 11, ukafufuliwa miaka ya 1990. Wengi wa wakuu wa watawa wa kiume hadi leo hawautambui. Nimeona uzito moyoni kusimama kwenye mti ulioletwa na mwanamke, huku mabinti zake wa leo wakiwa bado wanaomba kuitwa kwa jina lao. Imani yangu haijatikisika kwa hilo, lakini sitalinyamazia.

Nje ya lango wanauza maua: yungiyungi jekundu, jeupe, la buluu. Mwenye nyumba ninayolala, mama wa makamo ambaye namwita amma, yaani mama, naye ananiita duwa, yaani binti, alinifundisha kuyakunjua petali moja moja kwa kidole mpaka ua lifunguke. Hatulinusi kabla ya kulitoa. La kutolewa halionjwi. Tulipoyaweka juu ya meza ya jiwe alisoma kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yetu, ubeti ambao nimeusikia Upanga mara nyingi: kama ua hili linavyonyauka, ndivyo mwili wangu huu unavyokwenda kwenye kuharibika. Meza ilikuwa imejaa maua ya asubuhi, tayari yakiwa na kingo za kahawia. Kijana wa usafi alikuja na toroli, akayakomba yote, akawaachia nafasi wanaofuata.

Nimefunga macho ya watu wengi kazini. Ubeti ule kwangu hauna huzuni. Unanipa ruhusa ya kukaa karibu na kitanda bila kujifanya kwamba jambo lingine linatokea.

Hakuna anayechuma jani la mti huu. Watu huketi chini wakisubiri, na likianguka lenyewe linaokotwa kwa mikono miwili. Nilikaa mpaka saa tano. Kando yangu bibi mmoja alikuwa akisoma sutra, mafundisho ya Buddha, kwenye simu, herufi zimekuzwa mpaka mstari mmoja unajaza kioo. Simu ileile. Kinachobadilika ni aliyeishika.

Jioni nilizunguka stupa ya Ruwanwelisaya, kuba la masalia matakatifu, nyeupe, kubwa, imezungukwa na ukuta wa tembo wa kuchongwa. Aliyeijenga, mfalme Dutugemunu, aliishi karne ya 2 kabla ya Kristo, na inasimuliwa kwamba alifariki kabla haijakamilika. Ndugu yake aliifunika kwa kitambaa cheupe ili mgonjwa aione kana kwamba imekwisha. Akiwa kitandani alisomewa orodha ya mema yake yote: majengo, karamu, dhahabu. Akasema yaliyomfurahisha ni mawili tu, aliyoyatoa wakati wa dhiki. Moja lilikuwa bakuli la chakula alilompa mtawa alipokuwa akikimbia vitani, mwenyewe akiwa na njaa. Nimewasikia wanaokufa wakihesabu maisha yao. Huyu mfalme anasema kama wao.

Jumatano, Mihintale

Nimekwenda kwa bajaji mapema, kabla ya jua. Kilima cha Mihintale kina ngazi 1,840 za mawe, lakini mimi nilikwamia chini yake, na nusu ya siku ikaniishia hapo.

Pale chini kuna magofu ya hospitali ya karne ya 9. Misingi ya vyumba vidogo imezunguka ua, kila chumba kinatosha mgonjwa mmoja, na hewa inapita kutoka uani. Kando kuna birika la jiwe lililochimbwa kwa umbo la mwili wa mtu: mahali pa kichwa, mabega, miguu. Mgonjwa alilazwa humo ndani ya mafuta na dawa za mitishamba. Niliinama nikapitisha kiganja kwenye ukingo wake. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita palikuwa na mtu aliyeshika mabega ya mgonjwa na kumshusha taratibu ndani ya jiwe hili, kama mimi ninavyomshusha mgonjwa wangu kwenye kiti cha kuogea.

Kuna kisa katika vitabu vya nidhamu ya watawa ambacho naona kingefaa kubandikwa katika kila wodi. Buddha alipita na mwanafunzi wake Ananda kwenye makazi ya watawa, wakamkuta mmoja anaumwa tumbo la kuhara, amelala katika uchafu wake. Akauliza: nani anakuuguza? Hakuna, maana sina ninachowafanyia wenzangu. Buddha akamtuma Ananda alete maji. Buddha akamwagia, Ananda akamwosha. Mmoja akamshika kichwani, mwingine miguuni, wakampandisha kitandani. Kisha aliwakusanya watawa akawaambia: hamna mama wala baba wa kuwauguza, msipouguzana, nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, amhudumie mgonjwa.

Hakuwafundisha kwanza kutafakari juu ya huruma. Aliagiza maji.

Juu kidogo kuna mabamba mawili ya mawe ya karne ya 10, yamejaa maandishi. Ni kanuni za monasteri pamoja na watumishi na malipo yao. Hata posho ya wafanyakazi imechongwa kwenye mwamba, na mimi mtumishi wa umma nimelipenda sana jambo hilo. Jirani yake, kwenye ukumbi wa chakula, kuna hori la jiwe lenye urefu wa mita kadhaa lililokuwa likijazwa wali wa sadaka.

Hapa ndipo Mahinda, kaka yake Sanghamitta, alipokutana na mfalme Devanampiya Tissa aliyekuwa akiwinda. Kabla ya kumfundisha neno lolote alimpima. Mti huu ni mti gani? Mwembe. Kuna miembe mingine? Ipo. Kuna miti isiyo miembe? Ipo. Ukiiacha miembe mingine yote na miti mingine yote, kuna mti gani? Kuna mwembe huu. Mtoto wa shule angecheka. Lakini chukua wodi ya vitanda 40 saa tisa usiku: kuna wagonjwa wengine, kuna kazi nyingine, kuna ujumbe unaolia mfukoni. Ukiviweka vyote kando, kuna mgonjwa gani? Kuna huyu.

Ngazi nilizipanda jioni, pamoja na nyani na watoto wa shule.

Alhamisi, siku ya Poya

Leo mwezi umejaa. Kila mwezi mpevu hapa ni sikukuu ya taifa. Pombe haiuzwi, na mabucha yamefungwa. Kati ya mwaka 1966 na 1971 nchi hii iliondoa hata mapumziko ya Jumapili, wiki zikafuata sura za mwezi, mpaka biashara na dunia ya nje ikawashinda, wakarudi kwenye Jumapili. Poya ya Machi inaitwa Medin, kumbukumbu ya siku Buddha aliporudi kwa mara ya kwanza nyumbani kwa baba yake, Kapilavatthu.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye hekalu dogo la mtaa, amma na mimi, tumevaa nyeupe, kupokea miiko minane. Mitano ni ile ya kila siku: kutoua, kutoiba, kutokosea katika tamaa za mwili, kutosema uongo, kutotumia vilevi. Kwa siku hii ule wa tatu unakuwa kujizuia kabisa, na inaongezeka mitatu: kutokula baada ya adhuhuri, kuacha burudani na mapambo, kutolalia kitanda cha fahari. Wengi walikuwa wanawake watu wazima, lakini kulikuwa na vijana wa chuo na askari mmoja likizoni. Nilizima simu nikaiweka chini kabisa ya mkoba.

Saa tano sadaka ya chakula ililetwa na familia ya amma: wali, dengu, boga la nazi, samaki, mtindi wa nyati na asali ya kitulu, mti wa jamii ya michikichi. Kabla ya kuwakabidhi watawa, wanafamilia wote hugusa sinia pamoja, mikono juu ya mikono, ili kila mmoja awe ametoa. Mtoto wa kwanza wa amma ni fundi umeme Doha. Mume wa amma alitoa simu, akampigia kwa video, akaiegemeza kwenye birika. Kijana yule alikuwa amevaa ovaroli, nyuma yake kelele za karakana. Alinyoosha kiganja mpaka kikajaza kioo. Dada yake akaishika simu, akaishusha mpaka ikagusa ukingo wa sinia. Sadhu, sadhu, sadhu, tukasema, yaani vyema. Halafu kijana akarudi kazini.

Wengi wetu tuna ndugu Uarabuni. Nikawaza pesa inayotumwa, saa za kazi, joto lile, na mkono uliovuka bahari mchana wa siku ya kazi ili uguse wali wa watawa. Nikiulizwa dini hii inaishije katika dunia ya sasa, nitasimulia sinia lile.

Mchana ulikuwa mrefu. Njaa ilikuja saa kumi, ikanifundisha kitu rahisi: inapanda, inakaa, inashuka, bila mimi kuifanya chochote. Hapo ndipo mazoezi ya pumzi yalipoingia, yakiwa yamebebwa na asubuhi nzima ya kutoa na kujizuia. Nilikaa nusu saa kwa utulivu ambao sijaupata hata siku moja kwa vipokea sauti masikioni.

Mahubiri ya jioni yalihusu kurudi kwa Buddha nyumbani. Binti mmoja wa chuo alinitafsiria kwa Kiingereza. Mtawa alimzungumzia baba, mfalme Suddhodana, aliyempoteza mwana kwa utawa, kisha akampoteza mjukuu, Rahula, naye mtoto mdogo, kwa njia hiyohiyo. Mzee alimwendea mwanawe akamweleza maumivu hayo: yanakata ngozi, yanakata nyama, yanafika kwenye mfupa mpaka uboho. Akaomba kwamba tangu siku hiyo mtoto yeyote asipokewe utawani bila ruhusa ya wazazi. Na Buddha akakubali, ikawa kanuni hadi leo.

Nilimfikiria mama. Siku nilipomwambia ninakokwenda Jumapili jioni, alinyamaza, kisha akauliza kama kule wananipa chai. Hajawahi kunizuia. Lakini sijawahi kumwuliza kilimfika wapi, kwenye ngozi au kwenye mfupa.

Ijumaa, Kandy

Basi, vilima, mvua nyepesi. Kandy ina ziwa katikati na kando yake hekalu la Jino, Dalada Maligawa. Jino la Buddha lililetwa kisiwani karne ya 4, inasimuliwa kwamba lilifichwa kwenye nywele za binti wa mfalme. Jioni ngoma zinapigwa, mlango wa chumba cha juu unafunguliwa kwa muda, na foleni ya watu wenye maua inapita kwa sekunde chache mbele ya kasha la dhahabu. Jino lenyewe halionekani. Nilisukumwa na umati, mtoto amelala begani kwa baba yake mbele yangu, nikapita.

Januari 1998 Tamil Tigers walilipua lori la bomu mbele ya hekalu hili, wakaua watu, ukuta wa mbele ukabomoka. Wageni huonyeshwa picha za uharibifu. Ambalo hakuna picha zake humu ndani ni la Machi 2018: umati wa Wasinhala, Wabuddha, ulichoma misikiti, nyumba na maduka ya Waislamu huko Digana na Teldeniya, karibu na hapa. Chuki ilisambazwa kwa simu. Serikali ilitangaza hali ya hatari, ikafunga Facebook na WhatsApp kwa siku kadhaa. Na kabla ya moto ule palikuwa na watawa, wamevaa joho hili hili ninaloliinamia, waliokuwa wakihubiri dhidi ya Waislamu kwa miaka.

Bibi yangu alikuwa Mwislamu. Siwezi kuliweka jambo hili pembeni ili hija yangu ibaki safi.

Mizizi yake ni ya zamani. Kitabu cha kale cha historia ya kisiwa, kilichoandikwa na watawa, ndicho hicho kinachosimulia bakuli la chakula la Dutugemunu. Kinasimulia pia kwamba baada ya vita mfalme aliteswa na mawazo ya maelfu aliowaua, na watawa wanane wakamfariji: umeua mtu mmoja na nusu tu, mmoja aliyekuwa amepokea kimbilio kwa Buddha na nusu aliyekuwa na miiko mitano, waliobaki ni kama wanyama. Nasema waziwazi kwamba faraja ile ni uongo. Mwiko wa kwanza hautaji dini ya anayeuawa. Buddha alifundisha kwamba chuki haijapata kutulizwa kwa chuki, na maneno hayo yako katika mkusanyiko ambao watoto wa hapa hukaririshwa.

Kando ya ziwa niliingia kwenye ofisi ya Buddhist Publication Society. Mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1958 alikuwa mtawa Nyanaponika, Myahudi wa Ujerumani ambaye Waingereza walimfunga kambini wakati wa vita kwa kuwa alikuwa Mjerumani, huku Hitler akiwaua watu wa kabila lake. Akiwa na sababu zote za kuchukia, aliishi msituni juu ya mji huu akiandika juu ya kuiangalia akili kabla haijatenda. Nilinunua vijitabu viwili. Mzee wa dukani aliponiuliza natoka wapi, nikamjibu, akasema Dar es Salaam wana mti. Anajua.

Jumamosi, Hatton na Nallathanni

Treni kutoka Kandy kwenda Hatton imejaa, nilisimama mlangoni. Mashamba ya chai pande zote. Wachumaji ni Watamil, wajukuu wa watu walioletwa na Waingereza kutoka India ya kusini karne ya 19, wengi wao Wahindu. Kutoka Hatton basi linapinda kando ya bwawa la Maussakelle mpaka mlima wa Sri Pada unaonekana, umechongoka, peke yake. Nimekula mapema, nimelala saa nne.

Usiku wa kuamkia Jumapili, Sri Pada

Mlima una mita 2,243. Kileleni kuna alama ya unyayo. Wabuddha wanasema ni wa Buddha, Wahindu wa Shiva, Waislamu wa Adamu. Bibi wa Tanga alitusimulia kwamba Nabii Adamu alishukia Sarandibu na Bi Hawa Jidda, wakatafutana miaka mingi. Sarandibu ni hapa. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliupanda mlima huu mwaka 1344, akaandika juu ya minyororo ya kushikilia. Kwa karne nyingi watu wa dini mbalimbali wamepanda njia hizi, kila mmoja na unyayo wake, na mlima haujadai jibu moja. Baada ya Kandy nilihitaji kuukanyaga.

Tulianza saa saba usiku. Ngazi ni zaidi ya 5,000, taa zimewekwa njia nzima, na vibanda vya chai viko wazi. Mtawa kwenye stupa ya Wajapani alinifunga uzi mweupe mkononi. Kwenye kijito cha Sita Gangula tulinawa uso, maji ya barafu. Mahali paitwapo Geththampana mahujaji wa mara ya kwanza hufungua uzi na kuusokota kando ya njia. Maelfu ya nyuzi zimelala pale.

Nilitegemea vijana. Nilikuta mabibi. Wa miaka sabini, themanini, peku, mjukuu kila upande, ngazi moja, pumziko, ngazi moja. Wanaoshuka huwaimbia wanaopanda wimbo wa kuwaombea rehema, na wanaopanda hujibu kwa pumzi iliyobaki. Bibi mmoja alisimama katikati ya ngazi akitetemeka magoti. Mkono wangu ulikwenda kwenye kiwiko chake wenyewe, mkono mwingine mgongoni, kama kazini. Mjukuu wake alikuwa upande wa pili. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akanyanyuka kwenye tatu, na baada ya muda mfupi alikuwa akihesabu Kiswahili pamoja nami. Niliacha kuangalia saa. Kama ni kuchelewa jua, basi tungechelewa pamoja.

Foleni ya juu ilitukwamisha karibu saa nzima, bega kwa bega, baridi kali. Hakuna aliyesukuma. Biskuti zilipita mkono kwa mkono kutoka kwa watu ambao sikuwaona. Tulifika mwanga ukiwa umeshatoka. Upande wa magharibi kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya mawingu, pembe tatu kamili. Unyayo umefunikwa, unaweka ua, unainama, unampisha wa nyuma. Kengele hupigwa mara moja kwa kila safari uliyopanda maishani. Bibi yule alipiga nyingi sana. Nikapiga yangu moja.

Jumapili mchana, Nallathanni

Kushuka kunaumiza kuliko kupanda. Nimeloweka miguu kwenye ndoo, nikampigia mama.

Alitaka kujua kama nilikula, kama mlima ulikuwa na wezi, kama kweli ndipo Adamu alipokanyaga, maana bibi yako alisema. Nikamsimulia hospitali ya mawe. Akanifanya nirudie habari ya birika. Kisha nikamwambia kuhusu baba yake Buddha na maneno yale ya ngozi na mfupa, na nikamwuliza nililopaswa kumwuliza.

Alikaa kimya kidogo. Akasema lilimfika, ndiyo, mwanzoni. Alidhani nimeacha kumwombea baba. Nikamwambia kila Poya, baada ya sadaka, tunawataja marehemu wetu na kuwapa fungu la wema huo, na jina la baba lipo daima. Hakujua. Akauliza sadaka gani.

Nikamweleza. Poya ijayo ni ya Aprili; nimeomba zamu ya mchana niibadilishe na mwenzangu, na hekalu limenipa nafasi ya kupeleka chakula. Watawa wanakula kinachotolewa, hata samaki, mradi hajauawa kwa ajili yao, ila kiwe mezani kabla ya saa sita mchana.

"Samaki wa nazi nitapika mimi," alisema. "Wewe wali unauunguza. Hao wazee ni wangapi?"

Wanne, nikamwambia, na wageni watakuwepo.

"Basi tutanunua kilo nne. Alfajiri tuwe Feri."